Usiku Mzima wa Mama Bado

Jumatatu ya wiki ya arobaini na nne, mkunga wa zahanati ya shamba la maua alifungua droo, akatoa rula na kalamu ya bluu, akaongeza visanduku sita kwenye kadi ya kliniki ya mwanamke aliyekaa mbele yake. Kadi ilikuwa imechapishwa ikiwa na visanduku vya kufika wiki ya arobaini na mbili tu. Mkunga alichora taratibu, ulimi umechungulia pembeni ya mdomo, akahakikisha mistari yake inalingana na ile ya kiwandani. Kisha akajaza uzito, presha, na mapigo ya moyo wa mtoto.

"Yuko sawa," alisema. "Moyo unadunda vizuri. Hana haraka tu."

"Na mimi?"

"Wewe umechoka. Lakini hilo halina kisanduku."

Mwanamke yule alikuwa mkataji. Kwa miaka sita alikuwa amekata maua ya petali nyingi ambayo kwenye makaratasi ya shamba yana jina refu, na ambayo wafanyakazi wote huyaita krisi. Kila alipopita, watu walimuuliza kama ameshajifungua, naye alijibu bado. Aliulizwa bombani, aliulizwa dukani, aliulizwa na watoto. Mwisho jina lake halisi likapotea njiani, wakawa wanamwita Mama Bado, naye akawa anaitika.

Likizo yake ya uzazi ilikuwa imeanza siku ileile iliyoandikwa kwenye kadi kwamba ndiyo ya kujifungua. Ilikuwa likizo ya siku themanini na nne. Siku ya kwanza alikaa kitandani akingoja, miguu ndani ya beseni la maji ya chumvi. Siku ya pili akangoja tena. Mama yake mzazi alikuwa ameshafika kwa safari ya siku mbili, na mkoba mmoja, akiwa amepanga kukaa siku arobaini, amuogeshe mtoto, amkande binti yake, arudi kwake. Kuku wake alikuwa amemwachia jirani.

Chumba kilikuwa kimoja. Mkwe na mama mkwe hawalali chumba kimoja, na jambo hilo halikuhitaji kikao. Mume wa Mama Bado, ambaye alikuwa fundi umeme wa shamba, alikunja mkeka wake siku ileile, akahamia kwenye chumba cha swichi, akalala kati ya betri na ukuta.

Fundi ndiye aliyekuwa na dhamana ya taa. Krisi ni mmea usiopenda kuharakishwa wala kucheleweshwa. Ukipata usiku mrefu, unajua kwamba wakati umefika, unaacha kurefuka na kutoa kichwa cha ua. Shamba lilitaka mashina marefu kwanza, vichwa baadaye, tena kwa tarehe ya agizo. Kwa hiyo kuanzia saa nne hadi saa nane usiku, taa nyekundu ziliwaka katika mabanda dakika sita, zikazimika dakika ishirini na nne, zikawaka tena. Kila usiku ulikatwa katikati kama mkate, na mimea ikaendelea kutoa majani tu.

Banda nambari saba lilikuwa hatua kumi na tano kutoka mstari wa kwanza wa vyumba vya wafanyakazi. Kuta za vyumba zilikuwa za mbao, na mbao zilikuwa zimeachana kwa uzee. Mwanga mwekundu uliingia kupitia nyufa, ukaingia kupitia pengo la paa, ukawapitia watu usoni walipolala. Hakuna aliyelalamika. Mtu aliyeshinda ameinama kutwa nzima halali kwa kuchagua.

Mwanzoni mwanamke wa mstari wa kwanza aliyepitiliza alikuwa Mama Bado peke yake. Halafu jirani yake wa chumba cha tano, mfungaji wa mashada, akafika mwezi wa kumi akiwa hana dalili yoyote. Wanawake wa mstari wa pili na wa tatu walikuwa wakijifungua kama kawaida, wengine hata kabla ya siku zao. Watu waliligundua jambo hilo kama wanavyogundua kwamba foleni ya upande mwingine inakwenda haraka zaidi. Walilizungumza siku mbili, wakaendelea na mambo mengine.

Mama mzazi hakuendelea na mambo mengine. Alitundika blanketi dirishani. Alisokota magazeti akaziba nyufa. Usiku alimfunga binti yake khanga machoni, akaikaza. Wiki tatu zikapita, tumbo likabaki pale pale. Ndipo asubuhi moja akajitanda, akamfuata bwana shamba ndani ya banda la saba.

Bwana shamba alikuwa kijana mwenye miwani na mgongo wa kuinama. Alikuwa amechuchumaa, akifunua ncha ya mmea kwa sindano ili aone kama kuna ua linaloanza.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hebu niambie, mmea unajuaje kwamba usiku ni mrefu?"

Bwana shamba aliweka sindano chini. Hakuwahi kuulizwa swali hilo na mtu yeyote pale shambani, na alionekana kufurahi kidogo, kwa kadiri mtu aliyeamka saa kumi alfajiri anavyoweza kufurahi.

"Ndani ya jani kuna rangi," alisema. "Siyo hii kijani unayoiona, nyingine, ya bluu, kidogo mno. Mwanga mwekundu ukiipiga, inageuka. Giza likikaa, inarudi taratibu kuwa ya mwanzo. Basi mmea unapima hapo. Giza likikaa muda wa kutosha bila kukatwa, rangi inarudi yote, na jani linapeleka habari juu kwenye ncha: haya, toa ua. Sisi tukiwasha taa katikati, rangi inageuka upya, hesabu inaanza mwanzo. Mmea unadhani umelala mara mbili, usingizi mfupi mfupi."

"Kwa hiyo hautoi ua."

"Hautoi. Unangoja."

"Binti yangu naye anangoja, wiki ya hamsini sasa. Analala hapo, mstari wa kwanza."

Bwana shamba aligeuka, akakitazama chumba kupitia plastiki ya banda, midomo yake ikihesabu hatua. "Inaeleweka," alisema. "Pale mwanga unatosha. Hata hafifu unatosha."

"Mbona nimemfunga macho?"

"Jani halina macho, mama. Jani zima linaona."

Mama mzazi alirudi chumbani, akafungua khanga ile, akaikunja.

Jioni hiyo Fundi alipokuja kula, akiwa amekaa nje ya mlango kwa heshima ya mkwewe, Mama Bado alimsogezea sahani na kumwambia, bila kupandisha sauti, "Wewe ndiye unayeshika swichi."

"Nashika swichi," alisema Fundi. "Sishiki shamba."

"Usiku mmoja."

"Bwana shamba anasema siyo mmoja. Na mashine inaandika yenyewe kila ikizimwa. Yule aliyekuwepo kabla yangu taa zilimzimikia dakika kumi na nne. Kumi na nne tu. Asubuhi alikabidhi bisibisi."

Mama Bado alimsogezea chumvi. Alijua. Fundi akikabidhi bisibisi, chumba kinakabidhiwa pia.

Hata hivyo Fundi alikwenda kwa meneja, shingo upande, kofia mkononi. Meneja hakuwa mtu mbaya. Alimpa kiti. Alimsikiliza mpaka mwisho huku akijikanda kipaji cha uso.

"Nikizima, krisi elfu arobaini zinatoa vichwa wiki tatu kabla ya agizo," alisema. "Shina fupi hivi. Nani atazinunua?"

"Basi tuhamie mstari wa tatu, mzee."

"Mstari wa tatu ni wa wasimamizi. Kwani mkeo anaumwa?"

"Haumwi."

"Mtoto anaumwa?"

"Mkunga anasema yuko sawa."

"Sasa tatizo ni nini?"

Fundi alitafuta neno. Lililokuja lilikuwa kwamba mkewe amechoka, lakini alipomtazama meneja, macho yake mekundu na vikombe vitatu vya kahawa mezani, aliona kwamba neno hilo halingemshangaza mtu ndani ya ofisi ile. Akashukuru, akatoka.

Siku themanini na nne zikaisha. Mama Bado alikwenda kwa karani wa utumishi akiwa na kadi yake, ambayo sasa ilikuwa imebandikwa karatasi ya ziada kwa gundi.

"Likizo yako imekwisha jana," alisema karani.

"Lakini sijajifungua."

Karani aliisoma fomu upya, mbele na nyuma, maana alikuwa mtu mwenye haki. "Fomu haiulizi hilo," alisema. "Inauliza tarehe."

Mama mzazi alitaka waondoke, waende kwake, nje ya taa, liishe. Mkunga alikataa: safari ya siku mbili juu ya barabara ile, na mimba ya mwaka mzima, akianzia njiani nani atampokea? Na siku tatu za kutokuwepo kazini zilikuwa siku za kufukuzwa. Basi Mama Bado akajikaza kisabuni, akarudi kukata. Stoo ilimpa aproni pana zaidi na kumtaka aweke saini. Alikata akiwa amekaa upande upande juu ya ndoo iliyogeuzwa, akiisogeza ndoo kwa mguu kila alipomaliza hatua moja ya tuta. Wiki ya hamsini na tano alihisi kitu kikimkwaruza kwa ndani, chini ya mbavu. Mkunga alibonyeza, akasikiliza, akasema ni meno.

"Anang'ata?"

"Anajaribu."

Mama mzazi alikuwa na tabia ya kukaa kwenye kivuli cha stoo mchana, akichambua mboga, akiwatazama watu wakifanya kazi. Siku moja saa kumi jioni, jua bado kali, aliwaona vibarua wanne wakivuta pazia jeusi juu ya banda nambari nne, kutoka ncha hadi ncha, mpaka banda likawa kama sanduku. Aliacha mboga, akamtafuta bwana shamba.

"Humo mle mnafanya nini?"

"Hizo zimeshafikia urefu. Sasa tunazipa usiku. Tunafunga saa kumi, tunafungua saa moja asubuhi, ili mwanga wa mabanda mengine usiziguse."

"Saa kumi na tano za giza."

"Saa kumi na tano."

"Na mtu akilala humo?"

Bwana shamba alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa. "Mimba imeshakomaa," alisema kama anayejihesabia mwenyewe. "Haihitaji wiki nane kama krisi. Mara kumi na mbili mfululizo. Labda kumi na tatu. Lakini usiku usikatwe. Hata dakika moja ya mwanga inaukata."

Mlangoni mwa banda la nne alikaa mlinzi, mtu mzima aliyependa kanuni kama wengine wanavyopenda kahawa. Kanuni yake ilisema kwamba mtu yeyote asiingie wala kufungua pazia kuanzia saa kumi jioni hadi saa moja asubuhi. Mama mzazi alimwomba aisome kwa sauti. Aliisoma. Haikusema lolote kuhusu mtu ambaye saa kumi inamkuta tayari yuko ndani.

"Ni kweli," alisema mlinzi. "Huyo hajaingia. Huyo yupo tu."

Kuanzia siku hiyo Mama Bado alimaliza kazi saa tisa na nusu, akanawa, akala wima kama farasi, na saa kumi kasoro dakika tano yeye na mama yake waliingia banda la nne wakiwa na godoro la sponji, chupa ya maji na ndoo yenye kifuniko. Waliweka godoro kati ya matuta mawili. Kisha pazia likapita juu yao kwa mlio wa kukwaruza, na usiku ukaingia.

Lilikuwa giza zito. Mipira ya maji ilidondosha tone moja moja. Majani yalinuka ukali ule ambao Mama Bado hakuwa akiusikia tena mikononi mwake kwa mazoea, lakini gizani aliusikia upya. Nje ulikuwa bado mchana. Waliwasikia wafanyakazi wakirudi majumbani wakicheka, mtu akipiga pampu baiskeli, watoto wakigombania mpira. Ndani ulikuwa usiku wa manane.

"Mama," alisema Mama Bado siku ya tano, "mwaka unakwisha hujarudi kwako."

"Kwangu kuna nini? Kuku watakuwa wameshasahau sura yangu."

"Jirani atakuwa amewala."

"Amewala siku nyingi. Sema tu wewe unashindwaje kulala."

"Nalala. Ila nimezoea kuamka kila nusu saa. Nikisinzia nangoja taa."

Mama yake alimtafuta kichwa kwa mkono, akamsukia nywele gizani, mistari mitano, bila kukosea hata mmoja. Siku ya saba Mama Bado alilala bila kuamka. Siku ya nane alihisi mtoto akijigeuza chini ya kiuno, polepole, kama mtu anayegeuza kabati kwenye chumba kidogo.

Siku ya tisa Fundi alikuja.

Ilikuwa saa kumi na moja na nusu jioni. Kwa wiki nzima na zaidi alikuwa hajamwona mkewe. Yeye alikesha na taa na kulala asubuhi. Mkewe alipotoka gizani aliingia kazini, na alipotoka kazini aliingia gizani. Fundi alijua kona ya banda ambayo waya zilipita, na pazia lilikuwa na mfuniko pale, kipande cha kuinua. Akajipenyeza, akatembea kwa kupapasa mpaka mguu wake ukagusa godoro. Halafu akatoa simu mfukoni, akaiwasha.

Mwanga ulikuwa mdogo. Ulimwangukia Mama Bado usoni, kwenye uso uliovimba na midomo iliyokauka. Yeye aliinua kichwa, akamtazama mumewe, akatabasamu kabla hajakumbuka. Fundi alimtazama kwa muda wa mtu kunywa glasi ya maji.

"Zima!" mama mzazi alisema.

Alizima. Matone yakasikika tena.

"Nimekuja kumwona tu," alisema Fundi.

"Umekuja kumwona. Na mtoto umemrudisha alikotoka."

"Mama, mwache."

"Nilikuwa nimeanza kumsahau alivyo," alisema Fundi. "Nilikuwa nalala, namtafuta usoni, namkosa." Aliketi chini kwenye changarawe. Katika giza lile hakuna aliyeweza kuona kama analia, na hakuna aliyeuliza. Mama Bado alinyoosha mkono mpaka ukapata bega lake, akauacha pale. Fundi hakuthubutu kufunua pazia tena mpaka saa moja asubuhi, kwa hiyo mkwe na mama mkwe walilala banda moja, na tuta zima la krisi kati yao. Usiku huo, kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe, Fundi hakukaa na taa zake. Ziliwaka na kuzima zenyewe kwa wakati, maana taima ilikuwa haimhitaji.

Asubuhi bwana shamba aliulizwa kama siku nane zilizopita bado zinahesabika. Alikwenda pale kwenye godoro, akafunua ncha za mimea iliyo jirani. Mashina kumi hivi yalikuwa yameacha vichwa nusu na kuanza kutoa majani upya, kama watu waliosimamishwa mlangoni.

"Anzeni moja," alisema.

Walianza moja. Fundi hakurudi tena. Kila saa kumi jioni alisimama mbali, upande wa chumba cha swichi, mpaka pazia lilipofika mwisho, kisha akaingia kuangalia waya zake.

Siku ya kumi na tatu, saa kumi na mbili jioni, jua likiwa bado juu ya mapaa, Mama Bado alimshika mama yake mkono na kumwambia, "Siyo bado tena." Mama mzazi aligonga nguzo mara tatu. Mlinzi, aliyekuwa ameshaisoma kanuni na kuona kwamba haikatazi ujumbe, alimtuma mtu kwa mkunga. Mkunga alipita kwenye mfuniko wa waya kwa magoti, begi kifuani. Alikuwa ameacha tochi nje bila kuambiwa. Alifanya kazi yake yote kwa vidole, akinong'ona, na baadaye alisema ulikuwa uzazi rahisi kuliko mingi aliyoifanya chini ya taa, maana hakuna aliyekuwa akimtazama mwenzake usoni.

Mtoto hakulia. Alikohoa kidogo, kama mtu mzima anayekaribia mlango wa watu. Alikuwa msichana. Alikuwa na kilo sita na nusu, meno manane, na nywele za kuchana.

"Yuko sawa?" Mama Bado aliuliza gizani.

"Yuko sawa," alisema mkunga. "Ananishika kidole, anakataa kuniachia."

Mama Bado alilia wakati huo, kwa muda mrefu, bila kelele. Mama yake alidhani ni maumivu. Haikuwa maumivu. Ilikuwa kwamba tumbo lilikuwa jepesi, na kwa mara ya kwanza kwa muda mrefu aliweza kulala chali.

Saa moja asubuhi vibarua wanne walivuta pazia. Krisi za njano kwenye matuta mawili yaliyozunguka godoro zilikuwa zimechanua zote, siku nne kabla ya ratiba. Msimamizi alipita, akampongeza mama, akaandika kwenye daftari: hitilafu, matuta mawili.

Siku hiyohiyo Fundi alimpeleka mkewe kwenye ofisi ya utumishi, yeye akiwa amembeba mtoto. Karani alisimama kwa heshima, akamtazama mtoto, na mtoto akamtazama yeye.

"Hongereni sana. Mrembo huyu. Amekwisha kuwa mkubwa."

"Tumekuja kwa ajili ya likizo," alisema Fundi.

"Likizo ya uzazi alishachukua," alisema karani. Alilitafuta faili, akalifungua, akawaonyesha saini. "Ilikwenda yote. Ninachoweza ni siku tatu za dharura. Hizo ni za msiba au mafuriko, lakini nitaandika tu dharura."

Aliandika tu dharura. Walimshukuru, kwa sababu ni kweli alikuwa amewasaidia.

Kabla siku tatu hazijaisha, tangazo lilibandikwa kwenye mlango wa banda la nne na mabanda mengine yote yenye pazia. Lilisema ni marufuku kulala, kujipumzisha au kujifungua ndani ya mabanda. Mlinzi alilisoma mara mbili na kuridhika. Alikuwa hapendi kanuni yenye mwanya. Mfungaji wa mashada wa chumba cha tano alilisoma pia, akiwa amesimama na mikono kiunoni, mwezi wake wa kumi na tatu. Alimaliza kusoma, akaenda kufunga mashada.

Ofisini walikuwa wamepitia madaftari ya mahudhurio. Iligundulika kwamba wanawake wa mstari wa kwanza wanarudi kwenye zamu siku ileile likizo inapokwisha, hawana mtoto wa kupeleka kliniki, hawana mtoto wa kuugua, hawakosi hata siku moja. Mwezi uliofuata banda nambari tisa lilijengwa nyuma ya mstari wa pili. Fundi alipewa ngazi mpya ya alumini na boksi la taa mia mbili. Jumapili, siku yake ya mapumziko, Mama Bado alikwenda kumshikia ngazi, maana miguu ya ngazi ilikuwa inateleza kwenye changarawe na hakukuwa na mtu mwingine. Alimpa taa moja moja. Fundi alizipokea bila kutazama chini.

"Hii imekaa sawa?" aliuliza toka juu.

"Sogeza kushoto kidogo," alisema Mama Bado. "Hapo."

Bibi hakurudi kwake. Kila siku ya kazi, saa nne asubuhi, alimbeba mjukuu hadi kwenye uzio wa banda la saba, upande wa bomba, na Mama Bado akatoka kwa dakika kumi za chai. Aliketi juu ya ndoo, akafungua aproni, akanyonyesha. Wakataji wengine walikuja kumsalimia mtoto, wakamshika shavu, na baadhi walimwonyesha mikono yao iliyokatwa katwa, naye aliitazama kwa makini.

Siku ya kwanza alinyonya, akaachia titi, akajifuta mdomo begani mwa mama yake, akageuza uso kumwelekea bibi. Mama Bado alidhani ameshiba. Sekunde chache baadaye king'ora cha mwisho wa chai kikalia. Siku ya pili ikawa hivyohivyo. Wiki ya pili watu walikuwa wameshazoea; mkataji mmoja aliyekuwa amepoteza saa yake akawa anamtazama mtoto ili ajue amalize chai.

"Mlazimishe kidogo," bibi alisema. "Hajashiba huyo. Tazama mkono wake unavyotafuta."

Mama Bado alimrudishia mtoto titi mdomoni. Mtoto alilishika kwa vidole, akalitazama, akaligusa kwa meno yake manane bila kuuma. Halafu akalisukuma polepole, akaufunga mwenyewe mdomo wake.

"Hataki," alisema Mama Bado.

"Anataka."

King'ora kilikuwa hakijalia bado. Mama Bado alibaki amekaa vile vile, amempakata mtoto, mpaka kilipolia. Kisha akamkabidhi kwa bibi juu ya uzio, akafunga aproni, akachukua mkasi.